Adero Mkata Vipande

Kuna kazi ambazo ukizitaja sokoni watu hucheka kwanza, kisha husogeza vikapu vyao. Kazi ya Adero ilikuwa ya namna hiyo. Alikata matumbo. Si ya mbuzi wala ya ng'ombe. Alikata utumbo wa binadamu, kipande kidogo kama punje ya mchele kilichogandishwa ndani ya nta. Alikipitisha kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono hadi ukatoka utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu. Aliuweka utando huo juu ya maji ya vuguvugu ujinyooshe, akaunasa kwa kioo, akautia rangi, akauinamia kwa darubini. Majirani zake wa Migosi walipomwuliza anatafuta nini humo, aliwajibu, "Natafuta akili ya tumbo," nao wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tumbo lina akili gani zaidi ya njaa?

Wacheke tu. Adero aliishia darasa la saba, lakini jambo hilo alilijua kuliko wengi waliomzidi kwa vyeti. Alianza kazi mwaka 1983 kama mfagiaji katika maabara ndogo ya utafiti hapo Kisumu, akapandishwa kuosha vioo, na huenda angebaki kwenye karai la sabuni mpaka uzeeni kama asingekuja Daktari Wepukhulu. Huyu alikuwa Mbukusu mrefu, mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa kucheka, na alikuja na masanduku mawili ya vitabu na swali moja tu maishani: neva za utumbo. Alikuwa akizizungumzia hata akila. Siku moja mwaka 1987, Adero akipiga deki, daktari alianza kumhubiria kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kuhubiriwa.

"Adero, unajua utumbo haungoji amri ya kichwa? Una neva zake wenyewe ndani ya kuta, mamilioni kwa mamilioni, toka kooni mpaka mwisho. Ndizo zinaambia misuli kaza hapa, legeza pale. Wewe umelala, zenyewe ziko job."

"Na zikikosa kuwa, Daktari?"

"Ah! Sasa umeuliza. Kuna watoto wanazaliwa hivyo. Sehemu ya mwisho ya utumbo haina neva hata moja. Haijui kulegea. Choo kinakwama, tumbo linafura kama ngoma, mtoto anatapika kijani. Bila upasuaji anakufa, na watu wanasema karogwa."

Adero alisimamisha kijiti cha deki ukutani. "Hao watoto, kile choo cha kwanza cheusi, wanakitoa siku gani?"

"Mtoto mzima hukitoa siku hiyo hiyo, ikizidi sana ya pili. Hawa wanafika ya tatu, ya nne. Wengine hawakitoi kabisa."

Adero aliingia stoo ya ndoo na matambara, akafunga mlango, akalia huku amejiziba mdomo kwa aproni. Wake alikitoa siku ya nne.

Huyo wake aliitwa Okinyi, kwa sababu alizaliwa asubuhi. Alizaliwa mwaka 1981 katika boma la wakwe zake pale Nyamasaria, Adero akiwa na miaka ishirini. Aliyekuja kumsaidia uzazi alikuwa dada yake mkubwa, Dorca, aliyeolewa Usenge na alikuwa bado hajajaliwa mtoto. Baba yao alikuwa mmoja, Mzee Zadock wa Sakwa, upande wa Bondo, na mama zao wawili; lakini kwa wasichana hao habari ya mama wawili ilikuwa ya wakubwa. Walilala mkeka mmoja. Dorca alimbeba Adero mgongoni mpaka mgongo ukamzoea, akamsuka nywele, akampigania kwa wavulana, na mara nyingi alichapwa yeye kwa kosa la mdogo wake akanyamaza.

Dorca alifika Nyamasaria mchana, njaa imemkaba, kwa maana safari ilikuwa ndefu na alikuwa amebeba zawadi za chakula asizotaka kuzigusa. Kabla hata ya kunawa mikono alikaa mkekani mbele ya mdogo wake na kumtazama mtoto akinyonya. Alitazama na kutazama.

"Nyamera," alisema. Ndivyo Waluo wanavyosema dada yangu. "Huyu ni baba yetu kabisa. Angalia hicho kipaji cha uso."

Mama mkwe, ambaye kila mtu alimwita Min Gordon, mama wa Gordon, kwa jina la mwanawe aliyemwoa Adero, alikuwa mlangoni. Aliona yote.

Kule ziwani watu wanaliogopa jicho la chakula, wanaloliita sihoho. Mwenye jicho hilo, jasihoho, akikutazama ukila, hasa akiwa na njaa, chakula hukugeukia tumboni, na ukikosa wa kukitoa unakufa. Mtoto mchanga chakula chake ni ziwa la mama. Na wanasema jicho hilo ni urithi, binti hulipata kwa mama yake. Basi tumbo la Okinyi lilipoanza kufura, hakuna aliyefikiria hospitali. Aliitwa mama mmoja fundi, akalichanja lile tumbo dogo kwa wembe na kupaka dawa. Mtoto alikufa siku ya tisa.

Waombolezaji wakiwa wamejaa uani, Min Gordon alisimama. Hakupaza sauti.

"Kuna mtu aliangalia mtoto wetu akinyonya. Mimi niliona. Alikuwa na njaa na akaangalia. Nyar Sakwa," alimwita Adero kwa kwao, kama wake wanavyoitwa, "huyo ni dada yako. Kama yeye ni jasihoho, wewe ni nini?"

Maji yalimfika Adero shingoni. Gordon alikuwa anatazama chini. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye, na Dorca pia, kutoka kule jikoni alikokuwa akikoroga uji wa wageni.

"Mama zetu ni wawili," Adero alisema.

Basi, hilo tu. Tusimtetee. Alikuwa mdogo, maziwa yakimchuruzika kifuani na wa kuyanyonya hayupo, na mwenye kumhukumu amhukumu; lakini neno lilitoka, na kila mtu alilielewa. Kama jicho lilikuwepo basi lilitoka nyumba ile nyingine, si ya mama yake. Dorca aliuweka mwiko juu ya sufuria, akachukua furushi lake, akaondoka bila kungoja mazishi.

Maneno yalifika Usenge kabla yake. Mumewe akamrudisha kwao, kwao wakamwogopa, na miaka mitatu minne baadaye mchuuzi mmoja wa samaki alimwambia Adero kwamba dada yake amevukia kisiwa cha Mageta, anaishi na mvuvi huko. "Mtu mzuri sana," mchuuzi alisema, "lakini haezi kula na watu. Anageukia ukuta."

Hebu fikiria kumkosa mtu ambaye umemfukuza mwenyewe. Adero alimkosa Dorca kwa mambo madogo madogo yasiyo na maana. Alikosa mtu wa kugombana naye bila kuogopa kwamba ugomvi utadumu. Alikosa vidole vyake kichwani. Alisukwa na wanawake wengi Migosi na wote walimvuta nywele vibaya. Alipata mabinti wawili wazima, na kila mmoja alipoota jino la kwanza alishikwa na hamu ya kumwonyesha Dorca, hamu kali, mpaka akaacha anachofanya na kukaa chini. Gordon alidhani ni malaria. Alimnunulia dawa.

Ndiyo maana siku ile ya deki alilia kwa huzuni na furaha pamoja. Alipotoka stooni alimweleza daktari habari za Okinyi, siku kwa siku, matapishi, tumbo, choo. Wepukhulu alimsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Bila kipande siwezi kuapa," alisema mwishowe. "Lakini vile unavyosema, sina shaka sana."

"Kwa hivyo si mtu alimwangalia."

"Mama, mtoto alizaliwa na ugonjwa huu. Ulianza akiwa tumboni mwako bado mdogo kama kidole."

Adero aliona njia ya Mageta imenyooka mbele yake, nyeupe. Angeenda kesho. Kisha, kwa kuwa mtu mwenye furaha hupenda kuongeza maneno, akauliza, "Na unatoka wapi, huu ugonjwa?"

"Wakati mwingine unafuata damu ya ukoo. Hilo ndilo mimi natafuta hapa."

Hapo njia ikafungika. Akamwona Min Gordon amesimama tena uani: kumbe ni damu yako, Nyar Sakwa, kumbe wewe ndiwe uliyemwua mjukuu wangu, na hata hao wasichana wako wanayo damu hiyo. Hakwenda kesho wala keshokutwa.

Badala yake alijifunza kukata. Alimwomba daktari amfundishe, naye akakubali kwa sababu mikono ya Adero haikutetemeka na fundi aliyekuwapo alikuwa mlevi. Ilimchukua mwaka mzima. Alijifunza kuunoa wembe wa mashine, kujua nta iliyopoa vizuri kwa kuigusa, na kuzitambua zile seli za neva: kubwa kuliko jirani zake, za zambarau, zikikaa vikundi vikundi katikati ya misuli. Kuziona ni rahisi. Kazi ngumu ni kusema hazipo, kwa sababu huenda zipo kwenye kipande ambacho hujakitazama. Wepukhulu aliweka sheria: vipande sitini kwa kila mtoto, na asitamke mtu neno "hakuna" kabla ya kile cha sitini. Adero hakuivunja hata siku moja. Watoto walipasuliwa kwa neno lake, wengi wakapona, na mama zao hawakumjua.

Desemba ya 1988 alijaribu. Alimdanganya Gordon kwamba kuna msiba Bondo, akapanda basi mpaka Usenge, akashuka ufukweni akiwa na vazi lake la kanisani. Mageta kilikuwa pale, karibu kiasi cha kuona mabati yaking'aa. Mashua ilikuwa inapakia unga na mafuta taa.

"Mama, unavuka ama huvuki?" nahodha aliuliza.

"Kuna mtu nangojea."

"Huyo mtu yako wapi?"

Adero alitazama nyuma kama kwamba kweli kuna mtu. Mashua ikaondoka. Alinunua samaki wawili aina ya ngege, akarudi Kisumu, akamwambia Gordon msiba ulikuwa mkubwa sana. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wahenga, na kila siku aliyaona kwa darubini matumbo yaliyongojeshwa. Lakini mwaka uliofuata alingoja tena, na uliofuata pia. Aliandika barua, akazichana. Min Gordon alizeeka, akafariki mwaka 1992, na Adero akagundua kwamba sasa hana wa kumsingizia woga wake.

Kufikia 1994 Wepukhulu alikuwa amesambaza waraka kwenye zahanati zote za pande zile: mtoto asiyetoa choo siku mbili, mleteni. Mwezi wa Mei ilifika sampuli namba 41, mtoto wa kiume, wiki tano, kutoka visiwani. Adero alikata. Alitazama kipande cha kwanza, cha kumi, cha thelathini. Alipomaliza cha sitini alisema, "Hakuna," na daktari akaenda kupanga upasuaji. Akamwachia karatasi ya maelezo aiweke kwenye faili.

Mtoto: Owiti. Mama: Dorca, umri miaka thelathini na tisa, Mageta. *Je, kuna mtoto mwingine katika ukoo aliyewahi kufa kwa tumbo kufura?* Na chini yake, kwa mwandiko wa nesi wa zahanati: *Ndiyo. Mtoto wa mdogo wake, Nyamasaria, 1981. Mama anasema yeye ndiye aliyemwua kwa kumtazama. Angalia nyuma ya karatasi.*

Hakuangalia nyuma ya karatasi. Aliitupa mezani na kukimbia wodini, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu na koti jeupe likipepea.

Dorca alikuwa kitanda cha mwisho. Alimjua kwa mgongo. Alikuwa amegeukia ukuta, mtoto kifuani, na leso yake ameivuta kichwani mpaka ikafunika uso mzima. Ndivyo alivyomnyonyesha mwanawe: kwa kupapasa.

"Nyamera."

Mwili wote ule ulishtuka, ila uso haukugeuka. "Adero? Ni wewe? Ngoja kidogo, mtoto ananyonya. Nikifungua macho nitamwona."

Adero alingoja mpaka mtoto alipoacha, akamwomba mama wa kitanda cha pili amshike, akamshika dada yake mkono na kumpeleka maabara kama kipofu. Alimkalisha kwenye kiti chake mwenyewe.

"Angalia hapa ndani. Hii ni ya mtu mzima, hana ugonjwa. Unaona hizo kubwa za zambarau, zimekaa pamoja?"

"Naona. Kama watu wako kwa mkutano."

"Hizo ndizo zinasukuma chakula. Sasa hii ni ya Owiti. Tafuta."

Dorca alitafuta. Alitafuta kwa muda mrefu, jicho moja limefumbwa, mdomo wazi. "Hakuna."

"Hakuna. Nimekata sitini, hakuna. Alizaliwa hivyo. Alikuwa hivyo kabla wewe hujamwona na macho yako. Okinyi wangu pia. Macho yako hayakumfanyia mtu kitu, Dorca. Hayajawahi."

Dorca aliinua uso kutoka kwenye darubini. Walishikana. Walilia kwa sauti kama wanavyolia wanawake wa kwao, mpaka Wepukhulu akachungulia na kuufunga mlango taratibu. Adero aliona miaka kumi na mitatu inamtoka mwilini. Aliomba msamaha. Alilitaja lile neno, la mama wawili, akalitaja tena.

"Hilo nilikusamehe zamani," Dorca alisema. "Ulikuwa mtoto. Na mimi mwenyewe niliamini." Alijifuta uso kwa leso. "Hii maneno ya hapa ndani, ya hizo vitu za zambarau. Ulijua lini?"

Angeweza kusema jana. Angeweza kusema mwaka huu. "Themanini na saba," Adero alisema.

Dorca aliiweka leso mapajani. "Adero, mtoto yangu anaitwa Owiti."

Kila Mluo anajua. Owiti ni jina la mtoto anayezaliwa baada ya kifo cha ndugu yake. Hutupwa nje kwa desturi, jirani akamwokota, ili mauti yamdhanie si wako. Ukilisikia unauliza, nani alitangulia? Adero alikuwa amelisoma kwenye karatasi kwa macho yake na hakuuliza.

"Oketch alizaliwa themanini na tisa, Februari," Dorca alisema. Hakuwa na hasira, alikuwa anaeleza. "Tumbo ikafura. Mume wangu akasema tumpeleke Kisumu. Nikamwambia Kisumu watafanya nini na macho yangu? Nikampatia mwanamke mwingine amnyonyeshe. Mimi nikaenda kulala nyumba ingine, nisimwone. Siku kumi na nne. Nilidhani nikikaa mbali atapona." Alikunja leso mara mbili, tatu, mapajani. "Uso yake sijui. Sijui alifanana na nani."

Adero alijua sasa kilichoandikwa nyuma ya ile karatasi. Februari. Ile Desemba pale ufukweni, Dorca alikuwa ng'ambo ile pale, mimba imemjaa. Alitaka kusema kwamba alifika Usenge, kwamba mashua ilikuwepo, kwamba aliona mabati. Kisha akaona kwamba hayo si maneno ya kumwambia mtu.

"Nirudi kwa mtoto," Dorca alisema, akainuka.

Owiti alipasuliwa siku ya pili yake. Walimfungulia tundu ubavuni la kutolea choo mpaka akue, ndipo waje kuunganisha sehemu iliyo nzima, na lile tumbo likashuka likawa tumbo la mtoto. Siku ya nne alianza kunyonya. Adero alikuja na chupa ya uji wa wimbi aliouamkia alfajiri, akasimama mlangoni pa wodi.

Dorca alikuwa amekaa upande wa dirisha, leso mabegani, uso wazi. Alikuwa anamtazama mwanawe. Alimtazama nywele, akamtazama sikio, akaufungua mkono wa mtoto na kuhesabu vidole, akarudi usoni, na hakushiba. Adero aliyajua macho yale tangu akiwa mgongoni. Hakuna kitu duniani alichokitamani kama kutazamwa nayo.

"Mama, ingia, unafunga njia," nesi alisema.

Akaingia. Aliiweka chupa sakafuni, karibu na kitanda, akangoja.

"Asante," Dorca alisema, kama anavyoambiwa mhudumu yeyote, na macho hakuyaondoa kwa mtoto.